Kabla Hujanunua Betri Nyingine

Gari limeegeshwa tangu Ijumaa jioni. Jumatatu alfajiri unazungusha ufunguo, taa za dashibodi zinafifia, starta inagonga mara moja na kunyamaza. Wanaitwa vijana wa jirani, gari linasukumwa hadi kwenye mteremko, na Mbulu mjini hakuna uhaba wa miteremko, linakohoa, linawaka. Ikifika saa nne fundi ameshatoa hukumu: betri imekwisha. Unanunua nyingine. Zinapita wiki mbili tatu, vijana wanaitwa tena.

Hukumu hiyo mara nyingi hutolewa haraka mno. Gari likigoma kuwaka baada ya kulala, huenda betri ni mbovu kweli. Huenda pia betri haichajiwi ipasavyo. Na huenda betri ni nzima kabisa, ila kuna kifaa ndani ya gari kinachoendelea kunywa umeme wakati wewe umelala. Kwa nje mambo hayo matatu hayatofautiani, lakini kila moja lina dawa yake. Kununua betri mpya kwa hilo la tatu ni kununua simtanki jipya huku koki inayovuja ni ileile. Nitakaa zaidi kwenye hilo la tatu kwa sababu mafundi wengi hawapendi kulihangaikia. Linataka subira, na subira haina mahali pa kuandikwa kwenye risiti.

Kwa mtu wa Haydom, Dongobesh au Basotu hasara yake ni mara mbili. Betri ya saizi unayoitaka mara nyingi inafuatwa Babati au Arusha, na ikifika hujui ilikaa dukani muda gani bila kuchajiwa. Unaifunga kwenye gari lenye ugonjwa uleule, inakaushwa usiku baada ya usiku, na betri ya gari haikutengenezwa kuvumilia hilo. Ndani yake kuna mabamba ya risasi na asidi. Ikikaa bila chaji, mabamba hufunikwa na chembe za salfeti zinazozidi kuwa ngumu kadiri siku zinavyopita, na sehemu iliyofunikwa haipokei tena umeme. Kwa hiyo betri iliyosingiziwa huishia kufa kweli, na fundi anaonekana alisema sahihi.

Anza na jaribio lisilohitaji kifaa chochote zaidi ya spana namba 10. Jioni, baada ya gari kutembea safari ya kutosha, zima kila kitu, legeza kichwa cha waya wa hasi, kiondoe kwenye betri na ukifunge kitambaa kikavu kisije kurudi kugusa. Nimesema hasi kwa makusudi: spana ikiteleza na kugusa bodi wakati unalegeza chanya, utaona cheche ambazo hutazisahau. Lala. Asubuhi rudisha waya, washa. Likiwaka kwa nguvu, na usiku mwingine ukiliacha limeunganishwa likagoma, umeme unanyonywa ndani ya gari. Likigoma hata baada ya waya kutolewa, shuku betri au chaji. Ujue tu kwamba saa na stesheni za redio zitafutika, baadhi ya redio zitadai namba ya siri, na injini ya kompyuta inaweza kutulia vibaya kwa muda mfupi ikiwa sailensi. Mwenye gari la haibridi asome kwanza kitabu cha gari lake kabla ya kugusa chochote.

Ukiwa na mita ya umeme, ile ndogo ya kidijitali ambayo bei yake haifiki hata robo ya bei ya betri, utaongea kwa namba badala ya kukisia. Iweke kwenye volti za DC, alama ya 20, na upime betri iliyopumzika usiku kucha. Ikiwa imejaa itasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo. Hapo injini ya dizeli asubuhi ya baridi usiitegemee. Betri inayosimama karibu na 10.5 hata baada ya kuchajiwa ina chumba kimoja kilichokufa kati ya vile sita, na hiyo ibadilishwe bila mjadala. Usipime mara tu baada ya kuzima injini, maana zile volti za juujuu hudanganya. Washa taa kubwa dakika moja au mbili, zima, subiri saa chache.

Kisha pima injini ikiwa inanguruma. Kwenye vichwa vya betri mita isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki chini ya 13.5 hata ukikanyaga mafuta, altaneta au mkanda wake ndio wa kuangaliwa kwanza. Na hata altaneta nzima haifanyi miujiza. Anayetoka Endagikot kwenda sokoni Mbulu na kurudi, mwendo wa dakika kumi, akiwa na taa, redio na feni vyote vinafanya kazi, hawezi kuijaza betri iliyoshuka hadi nusu. Betri ya namna hiyo inataka saa kadhaa za chaji, ama barabarani au kwenye chaja ya ukutani.

Baridi nayo ina sehemu yake. Juni na Julai katika nyanda za juu za Mbulu betri hupungukiwa nguvu, na wakati huohuo oili ya injini inakuwa nzito, hivyo starta inadai zaidi kwa betri yenye kidogo. Ndiyo sababu gari lililokuwa likinyonywa tangu Februari bila mtu kujua hugoma Julai, na lawama zote zinaiangukia hali ya hewa. Gari hilohilo likilala Magugu, chini kwenye joto, linaweza kuwaka kila asubuhi na mwenyewe akadhani limepona.

Sasa kazi yenyewe.

Gari la kisasa linakula umeme kidogo hata likiwa limezimwa: saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini, kengele ya wizi. Kiasi cha kawaida ni kati ya miliampea 20 na 50. Gari la zamani lisilo na kompyuta linatakiwa kuwa karibu na sifuri. Chukua betri ya ampea-saa 45, saizi ya magari mengi madogo. Ikinyonywa miliampea 50 inapoteza kama ampea-saa 1.2 kwa siku, na gari linaweza kukaa wiki mbili bila shida. Lakini balbu ya wati 5 ya kwenye droo ya dashibodi inachukua ampea 0.4, yaani karibu ampea-saa 10 kwa siku. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu alfajiri ni kama ampea-saa 24, zaidi ya nusu ya betri mpya na karibu yote ya betri iliyozeeka. Kabalbu kasikozidi ncha ya kidole, kwenye droo ambayo huenda huifungui mwezi mzima!

Ili kuupima mnyonyo huo, waya mwekundu wa mita uhamishie kwenye tundu lililoandikwa 10A, kisha zungusha swichi kwenye ampea za DC. Hapa ndipo mita nyingi huungua. Ikiwa kwenye ampea, umeme wote wa gari unapita ndani yake. Usiigusishe chanya na hasi kwa pamoja, na usijaribu kuwasha injini wala taa kubwa mita ikiwa katikati. Starta inavuta ampea mia na zaidi, na mita nyingi za bei rahisi hazina hata fyuzi ya kukulinda kwenye tundu hilo.

Fungua boneti. Fungua na mlango wa dereva, kisha sukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi mpaka ujifunge, ili gari lidhani mlango umefungwa nawe ubaki na njia ya kufikia fyuzi za ndani. Kwenye Toyota za zamani zenye kitufe cha mpira kwenye nguzo ya mlango, kibane kitufe kwa gundi ya karatasi. Kama kengele ya wizi ina swichi yake chini ya boneti, ibane nayo. Ufunguo wa kubonyeza, unaolijulisha gari kwamba uko karibu, peleka ndani ya nyumba. Ukiwa mfukoni mwako gari halilali.

Legeza kichwa cha hasi lakini usikitoe bado. Gusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri na nyingine kwenye kichwa cha waya, ndipo uinue kichwa polepole ncha zote mbili zikiwa zimeshika. Inataka mikono mitatu, kwa hiyo mwite mtu au tumia vibanio. Sababu ya uangalifu huo ni kwamba ukikata umeme hata kwa sekunde moja, kompyuta zitaamka upya. Mbaya zaidi, relei iliyong'ang'ania inaweza kujiachia. Tatizo linapotea mbele ya macho yako na kurudi usiku ukiwa umeshasema limekwisha.

Mwanzoni utaona namba kubwa, pengine ampea nzima au zaidi. Usishtuke wala usianze kuchomoa kitu. Kompyuta za gari huchukua muda kulala: dakika 20, nusu saa, na kwa baadhi ya magari saa nzima. Kanywe chai. Ukirudi namba itakuwa imeshuka kwa ngazi, na pale iliposimama ndipo pa kusoma. Nimeona magari yakipasuliwa dashibodi kwa sababu mtu alisoma namba ya dakika ya kwanza.

Tuseme imesimama kwenye miliampea 380. Piga picha sanduku la fyuzi kwa simu kabla hujagusa, maana mkono ukishachanganya fyuzi ya 10 na ya 20 unaanza tatizo jipya. Kwa magari mengi yaliyotoka Japani maandishi ya mfuniko ni ya Kijapani. Programu ya kutafsiri kwa kamera ya simu inayasoma vizuri kiasi cha kukutosha. Chomoa fyuzi moja, angalia mita, irudishe, nenda nyingine. Usisahau kwamba masanduku ni mawili au zaidi: moja chini ya dashibodi, jingine kwenye injini. Fyuzi itakayotoka na namba ikaporomoka kutoka 380 hadi 30, umeshaupata mstari. Kilichobaki ni kujua vifaa vinavyokula kwenye mstari huo na kuvichomoa kimoja kimoja kwenye soketi zake.

Kwenye magari mapya zaidi, kurudisha fyuzi kunaweza kuziamsha kompyuta na kukupotezea nusu saa nyingine. Kwa hayo kuna njia ya upole. Acha betri imeunganishwa, gari lilale, weka mita kwenye milivolti za DC, waya mwekundu ukiwa umerudi kwenye tundu la volti. Mgongoni mwa kila fyuzi ya kawaida kuna vidoti viwili vya chuma vilivyo wazi; gusa vyote viwili. Fyuzi isiyopitisha umeme itasoma sifuri. Inayopitisha itaonyesha sehemu ya milivolti, kidogo sana lakini inaonekana. Hukuchomoa kitu, hukuamsha kitu.

Asiye na mita kabisa achukue balbu ya wati 5 ya taa ndogo, yenye nyaya mbili, aiunganishe kati ya nguzo ya hasi na kichwa cha waya. Kwa Land Rover ya zamani au trekta lisilo na kompyuta njia hii inafaa sana: balbu ikiwaka, kuna kinachonyonya, chomoa fyuzi mpaka izime. Kwa gari lenye kompyuta nyingi itakuchanganya, kwa sababu itawaka tu mwanzoni.

Baada ya kuujua mstari, kuna wazoefu wa kuanza nao. Mimi naishuku redio kwanza. Redio ya gari ina waya wa njano unaopata umeme muda wote kwa ajili ya kumbukumbu, na mwekundu unaotakiwa kuamka na kulala na ufunguo. Mwenye gari anataka muziki upige hata funguo zikiwa mfukoni, fundi anaunganisha njano na nyekundu pamoja, na tangu siku hiyo redio hailali hata kioo chake kikiwa cheusi. Hiace na Noah zenye amplifaya chini ya kiti ni mbaya zaidi, kwa sababu waya unaoiamsha amplifaya nao umefungwa hapohapo. Shika amplifaya kwa mkono asubuhi kabla ya kuwasha gari. Ikiwa ya uvuguvugu katika baridi ya Mbulu, umepata jibu bila mita.

Wa pili ni vitu ambavyo gari limekuja navyo au lilivishwa zamani na vikasahauliwa. Magari ya Japani huja na kile kisanduku cha kulipia barabara kinachozungumza Kijapani ukiwasha. Hapa hakina kazi, kiondoe. Land Cruiser zilizowahi kuwa za mashirika zilifungwa redio za mawasiliano. Redio ikatolewa gari lilipouzwa, lakini waya mnene uliotoka moja kwa moja kwenye betri ukabaki chini ya zulia, umekatwa na kufungwa selotepu. Selotepu inaachia, shaba inagusa chuma kilicholowa tope, umeme unavuja taratibu bila kupita kwenye fyuzi yoyote ya gari. Kengele za wizi zilizofungwa mitaani na vifaa vya kufuatilia gari, vile vinavyowekwa na wakopeshaji, ni wa kundi hilohilo. Kifaa cha kufuatilia kikiwa kizima kinakula kidogo, lakini sehemu ambazo mtandao wa simu ni hafifu kinahangaika kuutafuta na ulaji unapanda. Mwenye basi asikikate: mfumo wa kufuatilia mabasi ni wa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, na kuunyima umeme ni kujitafutia kesi. Aliyekifunga ndiye aitwe.

Taa za droo, buti na milango zinastahili dakika moja tu. Weka simu ndani ya buti ikirekodi video, funga, subiri, fungua, itazame. Ukiona mwanga, swichi imekwama. Vumbi la barabara zetu zisizo na lami huingia kwenye vitufe vya milango na kuvikamata, hasa mlango wa nyuma.

Kwa Fuso na Canter kuna ugonjwa mwingine ambao hauwezi kuonekana kwenye gari dogo. Malori hayo hutumia volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofuatana. Mtu anataka redio ya volti 12 au chaja ya simu, na badala ya kufunga kibadilisha volti anachukua umeme kwenye betri moja tu. Betri hiyo inanyonywa peke yake. Altaneta inapochaji huzijaza zote mbili kwa pamoja, hivyo iliyonyonywa haijai kamwe, na mwenzake inazidishiwa mpaka maji yanachemka na kukauka. Baada ya miezi dereva anabadilisha betri moja, kisha nyingine, na hajui kwa nini hazifi pamoja. Pima kila betri peke yake asubuhi. Moja ikisoma 12.6 na nyingine 12.0, fuata waya mwembamba unaotoka katikati ya betri hizo mbili.

Sasa, ikiwa umechomoa fyuzi zote ndogo na namba haijashuka, usikate tamaa wala usiseme gari lina mashetani. Kuna mistari isiyopita huko. Mkubwa wao ni altaneta. Ndani yake kuna dayodi ambazo kazi yake ni kuruhusu umeme uende kwenye betri na kuuzuia usirudi. Dayodi moja ikiharibika, altaneta inaweza kuendelea kuchaji kwa kiasi cha kukudanganya mchana, na usiku ikainywa betri. Dalili mojawapo ni altaneta kuwa na joto asubuhi wakati injini imelala baridi. Ili kuhakikisha, toa kwanza kichwa cha hasi cha betri. Sirudii hili kwa mapambo: waya mnene wa altaneta una umeme wa betri muda wote. Fungua waya huo mnene, ufunike vizuri, chomoa na soketi ndogo, kisha pima upya. Namba ikiwa imeshuka, dayodi zibadilishwe. Fundi mzuri wa Babati anaweza kuzibadilisha bila wewe kununua altaneta nzima.

Baada ya altaneta, angalia relei kubwa: ya feni, ya honi, na kwa dizeli ile ya plagi za kupashia joto. Iliyoshika huwa ya moto ukiigusa. Kama zinafanana, badilishana mbili na uone kama tatizo linahama.

Gari lililowahi kuingia maji au tope lina sheria zake. Katesh inakumbuka Desemba 3, 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kufunika makazi, maduka na magari. Gari lililochimbuliwa kwenye tope, au hata lililozimika katikati ya korongo masika, linaweza kuoshwa likang'aa na bado likabaki na udongo ndani ya soketi zilizo chini ya viti na ndani ya masanduku ya fyuzi. Udongo huo hunyonya unyevu na kupitisha umeme, kutu ya kijani inaota kwenye shaba, na mnyonyo unapanda na kushuka kufuata mvua. Ukipima mchana wa jua unapata 40, asubuhi ya umande unapata 300. Gari la namna hii lipimwe likiwa na unyevu. Zulia litolewe lote na kila soketi ifunguliwe, isafishwe kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme na kukaushwa. Anayekuuzia gari la bei ya kutupa mwangalie chini ya zulia kabla ya kuangalia injini.

Kuna na mnyonyo usio kwenye waya wowote. Mita ikiwa kwenye volti, weka ncha moja kwenye nguzo ya hasi na nyingine itembeze juu ya mfuniko wa plastiki wa betri. Ukiona nusu volti au zaidi, uchafu uliolowa asidi unapitisha umeme kutoka nguzo hadi nguzo. Toa betri, ioshe juu kwa maji yaliyoyeyushiwa magadi, yatatoa povu yakikutana na asidi, kisha suuza na ukaushe. Vizibo viwe vimekaza. Magadi yakiingia ndani yanaua asidi unayoihitaji. Wakati unairudisha, ifunge kwa kibanio chake. Betri inayorukaruka njia nzima ya mlima Magara hukatika mabamba kabla ya wakati, na hakuna mita itakayoiokoa.

Wakati unatafuta, maisha yanaendelea na gari litahitaji kubustiwa. Chanya kwa chanya kwanza. Halafu hasi ya gari zima, na ncha ya mwisho ifungwe kwenye chuma cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche. Usikubali Fuso ikubusti gari dogo. Volti 24 zikiingia kwenye mfumo wa 12 zinaweza kuunguza kompyuta kwa sekunde chache, na kompyuta hiyo ni ghali kuliko betri zote tulizozungumzia. Gari la otomatiki usihangaike kulisukuma.

Matrekta na kombaini za mashamba ya ngano ya Hanang hazihitaji upelelezi wote huu. Mashine inayolala miezi baada ya mavuno itolewe kichwa cha hasi siku ileile inapoegeshwa, betri ikiwa imejaa. Hata betri isiyounganishwa na kitu hupoteza chaji yenyewe, kwa hiyo ichajiwe tena kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Swichi ya kukata umeme inayofungwa kwenye waya wa hasi ni ya bei ndogo, na mwenye trekta lenye madereva watatu angeifunga leo. Kwa gari dogo linalotumika kila siku sipendi swichi hiyo kama tiba. Inaficha tatizo, na waya unaovuja leo unaweza kushika moto kesho.

Ikiwa kazi imekushinda, mpelekee fundi umeme wa magari, siyo fundi wa injini, na usimwambie "gari lina shoti," maana kwa neno hilo atatafuta chochote. Mwambie hivi: "Fundi, nimepima. Gari likishalala linakula miliampea 380. Nikitoa fyuzi ya taa za ndani inashuka hadi 30. Nitafutie kilichopo kwenye mstari huo." Akijibu, "Mzee, hiyo ni betri tu, nunua nyingine," mwombe aipime betri mbele yako. Kubalianeni malipo ya kutafuta, kando na ya vifaa, ili asiwe na sababu ya kukuuzia kifaa ili apate riziki. Akimaliza, gari lifungwe, lilale nusu saa, mpime pamoja. Namba mpya iandike kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande cha gundi ya karatasi pamoja na tarehe, ukibandike upande wa ndani wa boneti, ili siku redio nyingine au kengele nyingine itakapofungwa ujue ulianzia wapi.